Waziri Aliyeapishwa Mtaroni

Redio ndogo iliyotundikwa kwenye msumari ilitangaza kwamba taifa limepata Waziri mpya wa Mazingira. Bi Kikombe aliisikia kwa sikio moja huku akipepea mkaa, maana yeye alikuwa na mazingira yake yanayomnyima usingizi. Mtaro uliopita nyuma ya benchi lake la kahawa ulikuwa umeziba, na jana Bwana Afya alimwachia karatasi: kesho saa sita mchana usipokuwa safi, kijiwe kinafungwa. Kesho yenyewe ndiyo leo, na sasa ilikuwa saa nne. Koleo aliloazima lilikuwa limeegemea ukuta, na wateja wake watatu walikuwa wakilikwepa kwa macho tangu asubuhi.

"Huyu ni wa tano," alisema Mashine, kinyozi, mtu asiyenyoa kichwa bila kukihutubia. "Wenzake wanne wamefanya nini? Kila mmoja kapanda mti, kapigwa picha, kaondoka. Mti umekauka kabla picha haijatoka."

"Wizara ile haipo kwa ajili ya miti, kijana," alisema Mzee Faili, karani mstaafu, akikunja gazeti lake. "Kazi yake ni kuratibu."

"Kuratibu nini?"

"Waratibu."

Gundi, fundi viatu, alitoa msumari mdomoni ili apate nafasi ya kusema. "Mimi wangenipa wiki moja tu. Mito ingetiririka mpaka samaki waombe likizo."

"Wewe? Waziri asiye na hata soksi?" Mashine alimcheka.

"Waziri wa Mazingira soksi za nini? Anatakiwa aguse ardhi."

"Jamani," alisema Bi Kikombe, "mtaro."

"Tunaufikia, mama," Mzee Faili alimtuliza. "Usafi huanza na sera." Akanyoosha kikombe aongezewe.

Bi Kikombe alimmiminia kahawa. Jana aliwaomba kwa upole, leo kawaomba kwa ukali, na wote wamekubaliana naye kwa moyo mmoja bila kunyanyua makalio. Birika likiwa bado mkononi, likamjia wazo tamu hivi kwamba ilibidi ageukie jiko ili wasimwone akicheka.

"Basi na kijiwe hiki kiwe na wizara," alisema. "Benchi ni langu, jiko langu, kwa hiyo mwenye kuteua ni mimi."

Mashine akafunga kifungo cha juu cha shati. Gundi akaficha miguu yake.

"Katibu Mkuu ni Mzee Faili. Waziri wa Mazingira ni Gundi."

"Gundi?" Mashine alisimama. "Na mimi?"

"Wewe ni Waziri Mwandamizi."

"Huyo ni mkubwa kuliko waziri?"

"Huoni jina lake lilivyo refu?"

Mashine aliketi, ametosheka kabisa.

"Ila hakuna cheo bila kiapo," aliendelea Bi Kikombe, "na waziri wa kijiwe hiki huapa akiwa amesimama mtaroni, koleo mkononi. Kila neno, koleo moja la tope."

Wakamtazama Katibu Mkuu. Mzee Faili alifikiri, kisha akatamka kwamba utaratibu huo ni wa kawaida sana serikalini.

Gundi alikunja suruali, akashuka. "Mimi." Tope likaruka. "Gundi." Tope. "Naapa." Alipomaliza maneno kumi na mawili alikuwa anahema, na Mashine alikuwa ameshavua viatu.

"Yangu yawe arobaini. Siwezi kulingana na mtu wa chini yangu."

"Hata sitini, mwanangu," alisema Bi Kikombe.

Mashine alipofika neno la ishirini, koleo likaibuka na furushi la nywele kubwa kama paka. Gundi alicheka mpaka akakaa chini, kisha likafuata rundo la visigino vya viatu, akaacha kucheka. Chini kabisa, pale penyewe palipoziba, yalitoka magazeti yaliyoshikana, mafumbo yake yote yamejazwa kwa mwandiko mzuri wa masijala.

"Hapa," alisema Mzee Faili bila kumtazama mtu, "inafaa iundwe tume."

"Na tume inaapishwa humo humo, mzee wangu," alisema Bi Kikombe.

Mzee Faili akaingia na yeye, kanzu imeshikwa juu, akiapa polepole. Maji yakanguruma, yakatikisika, yakaondoka kwa kasi, na mawaziri wakashangilia kama watoto.

Bwana Afya alifika saa sita kamili. Aliinama, akachungulia, akafungua daftari.

"Nani anahusika na mtaro huu?"

Jana kwa swali hilo hilo kila mmoja alitazama kikombe chake. Leo watu watatu waliojaa tope hadi masikioni walijibu kwa pamoja: "Mimi."

Bwana Afya aliwatazama, akaelezwa habari ya uteuzi na viapo, akaichana ile karatasi. Bi Kikombe alimmiminia kikombe cha kahawa. Mgeni alikunywa taratibu, hana haraka ya kuondoka. Mwishowe alikohoa.

"Mama, nafasi ya Mkurugenzi mmeshampa mtu?"

Bi Kikombe aliutazama mtaro mwingine kule chini, uliopita mbele ya mlango wa ofisi ya Bwana Afya, maji yamesimama kimya tangu mwaka jana.

"Bado ipo," alisema, akimkabidhi koleo. "Utaapia mlangoni kwako."