Jaji na Kamera za Macho Mawili

Siku hiyo Flashi alikuja kijiweni anasoma simu huku anatembea, nusura alipige teke jiko la kahawa.

"Sikilizeni! Kamera za kizamani za macho mawili zimerudi kwa kishindo. Vijana wanazisaka kama dawa!"

Flashi alipiga picha za pasipoti miaka thelathini, na kamera ya aina hiyo anayo. Ina lenzi mbili zilizokaa sambamba kama macho ya mtu, inapiga picha mbili kwa mpigo. Ukizichungulia kwenye kitazamio chake, kila jicho na picha yake, mtu anajitokeza mpaka unatamani kumfinya shavu.

"Hata mimi ninayo," akadakia Bomba, fundi wa mabomba. "Kaniachia mjomba."

Flashi akacheka kwa puani. "Ile? Lenzi yake vioo vitatu tu. Pembeni picha yote uji. Yangu vioo vinne, bwana, inaonyesha mpaka nywele za masikioni."

"Vioo vinne vyenye ukungu! Lenzi yako ina fangasi kuliko mabafu ninayozibua."

"Mtu wa spana unajua nini kuhusu lenzi?"

"Najua uliowapiga pasipoti mpaka leo wakifika uwanja wa ndege wanaulizwa: huyu kwenye picha ni nani?"

Jaji akakohoa. Huyu ni karani wa mahakama mstaafu, na akikohoa sote tunanyamaza, maana hukumu zake hazina rufaa.

"Pigeni picha mahali pamoja, wakati mmoja," akasema. "Nitaamua mimi. Atakayeshindwa asitaje tena neno lenzi hapa."

Wakakaa benchi, Jaji mwisho kabisa, Mama Kahawa mbele yao na birika mkononi. Mimi fundi viatu nikabonyeza kamera zote mbili, kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake.

Filamu zilichukua wiki mbili kusafishwa. Wiki mbili hizo Flashi na Bomba hawakusalimiana. Mmoja alikaa ncha hii ya benchi, mwingine ncha ile, vikombe vyao tunawapitishia sisi wa katikati.

Picha zilipofika nilichungulia wa kwanza. Kwenye ya Flashi, birika la Mama Kahawa lilinijia usoni mpaka nikarudisha kichwa nyuma. Ya Bomba nayo ilijitokeza, ila Jaji pale pembeni hakuwa na masikio.

"Bomba, pole."

"Wewe shona viatu! Nani kakuuliza?"

Jaji akachukua kitazamio. Akachungulia ya kwanza, akachungulia ya pili, akakiweka chini kama kitu kinachonuka.

"Zote takataka."

"Eti nini?"

"Bapa kama kadi ya harusi. Hakuna kinachojitokeza hapa. Mmetupotezea wiki mbili."

Kwa mara ya kwanza Flashi na Bomba wakatazamana.

"Jaji, umechungulia kwa macho yote mawili?" Flashi akauliza.

"Kwani nimechungulia kwa goti?"

"Birika linakuja mpaka puani, mzee!"

"Kwako wewe. Mimi siendeshwi na ushabiki."

Mama Kahawa akafuta mkono kwenye aproni, akamziba Jaji jicho la kulia, akamwinulia vidole.

"Shemeji, hivi ni vidole vingapi?"

"Ondoa kwanza huo moshi."

"Moshi gani? Jiko nimelizima tangu saa ile."

Flashi akapasuka kwa kicheko. "Kumbe ndiyo maana juzi umenimiminia sukari kwenye kiatu!"

"Miaka yote tunahukumiwa kwa jicho moja!" Bomba akapiga paja.

Tukacheka. Jaji hakucheka. Alivua miwani.

"Nilidhani imechafuka," akasema polepole. "Kila siku naifuta."

Kicheko kikatukauka. Kesho yake Flashi na Bomba walimpeleka hospitali, mmoja kulia, mmoja kushoto, wanabishana juu ya kichwa chake njia nzima. Alikuwa na mtoto wa jicho. Akapasuliwa.

Mwezi ulipopita alikuja mwenyewe, akaomba kitazamio kabla hata ya kahawa. Akachungulia picha ya Flashi muda mrefu. Mkono wake ukanyooka hewani, kama anataka kulipokea birika.

"Kumbe ndivyo mnavyoona siku zote," akasema.

Mama Kahawa akageuka kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Jaji akabadilisha picha, akachungulia ya Bomba.

"Haya, toa hukumu," Flashi akasema, kifua mbele.

"Ya Flashi ni kali zaidi. Haina ubishi."

"Mmesikia?"

"Lakini ushindi nampa Bomba."

"Kwa lipi?"

"Yako inawaonyesha mlivyo. Kwa sura hizi, vioo vitatu vinawatosha kabisa."

Flashi alikwapua kamera yake akaondoka bila kuaga. Bomba alicheka mpaka machozi, hadi alipokumbuka kwamba kwenye picha na yeye yumo. Naye akaondoka.