Kitabu Changu Kisichokuwapo, Kurasa 312

Jumatatu, 9 Julai 1956

Nimeanza! Mafunzo ya wiki moja katika chumba kipya cha kusomea cha Bi Bachubai hapa Tabora, nyuma ya maduka ya nguo. Tuko watatu. Kazi ni moja. Atakayewapita wenzake kuandika kadi za vitabu atabaki kuwa karani wa maktaba. Wengine, kwaherini. Baba ameshatuma maneno kutoka Usoke: nikikosa, nipande gari moshi nikasaidie tumbaku. Tumbaku! Mimi! Nimesoma mpaka darasa la kumi, Kiswahili na Kiingereza, halafu nikanate vidole kama kinda la ndege aliyenaswa kwa ulimbo!

Mwalimu wetu ni Miss Thackray. Ametoka Nairobi kwa reli, kwa meli, kwa reli tena, na sanduku la kadi amelipakata njia nzima. Anasema vitabu vya hapa vilitunzwa ovyo. Kweli. Bwana Laxmidas, aliyekuwa akivitunza, alivipanga kwa urefu, kama majora ya kaniki dukani kwake. Ukiomba Biblia unaulizwa: ndefu au fupi? Sasa zimekuja kanuni mpya. Kwanza jina la mwisho la mwandishi. Kisha jina la kitabu, mji, mchapishaji, mwaka, kurasa, picha, urefu kwa sentimita. Eleza unachokiona, anasema, si unachokidhania, wala unachokitamani. Alirudia hilo la kutamani akinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Wenzangu. Wa kwanza ni Saidi, Mzigua, baba yake fundi wa reli. Basi ni mtani wangu mimi Mnyamwezi! Tangu enzi za misafara babu zao na babu zetu wanatukanana, na kukasirika ni mwiko. Kabla ya saa nne alikuwa amekula andazi langu. Akasema mali ya Mnyamwezi ni ya Mzigua, cha Mnyamwezi ni mzigo tu. Nikacheka. Ndiyo mila. Lakini lilikuwa andazi la iliki.

Wa pili ni Josepha wa Kitete. Siandiki kitu juu yake. Ana mwanya. Nimesema siandiki. Asubuhi aliniuliza habari za asubuhi, nami, Mungu anirehemu, nikajibu: Marahaba! Kama babu yake! Saidi alitoka nje kwenda kucheka vizuri.

Zoezi la leo: kila mtu aandike jina lake kana kwamba ni mwandishi. NGOLLO, Raymundi. Nikalitazama. Nikalitazama tena. Lilikaa kama jina la mtu mzito, mwenye miwani na adui wachache.

Jumanne, 10 Julai

Nina mpango. Mpango safi!

Josepha amepewa kupanga kadi kwenye droo kwa alfabeti. Mimi kusema naye siwezi, ulimi unageuka kipande cha ubao. Lakini kadi inaweza kusema. Akifika kwenye N atanikuta nimekaa palepale. Basi nikaandika:

NGOLLO, Raymundi. Mizigo na Nyimbo: habari za wapagazi kutoka Unyanyembe hadi pwani. Tabora, 1955. Kurasa 312, picha, ramani. Sm. 24.

Kitabu hakipo. Hilo ni jambo dogo. Mbona 312? Kwa sababu Saidi alikuwa amemaliza kadi ya kitabu cha kurasa 311 na alikuwa akijidai utadhani amekizaa. Ramani niliiongeza tu kwa kunogewa.

Nimeichomeka kwenye fungu. Hakuna aliyeniona. Nimetembea mpaka nyumbani kwa Shangazi Pelagia kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Jumatano, 11 Julai

Amesema nami!!

Alikuja na kadi mkononi akaniuliza kama huyu Ngollo ni mimi au ni mzee wangu. Nikatikisa kichwa kwa namna ambayo yaweza kuwa ndiyo. Ala, akasema, kumbe tunakaa na mwandishi hapa, kazi yake kuinama tu kama anatafuta sindano! Akasema babu yake alibeba pembe mpaka Bagamoyo akarudi na kikohozi na mke, na kikohozi ndicho kilichowahi kupona. Anakitaka kitabu. Leo.

Nikasema kimeazimwa. Na nani? Na Padri. Padri yupi? Wa Puge, nikasema, maana Puge ni mbali. Sikujua kama mimi ni mwongo wa haraka hivi. Nilifurahi, kisha nikaogopa, kisha nikafurahi tena kwa sababu alicheka.

Saidi alitokeza kichwa nyuma ya rafu. Akatangaza kwamba kitabu cha Mnyamwezi hakisomwi, kinabebwa kichwani.

Alhamisi, 12 Julai

Balaa. Josepha, kwa wema wake, amemweleza Miss Thackray. Miss Thackray amemweleza Bi Bachubai. Bi Bachubai amekuja mwenyewe na bangili zake zote, akanishika shavu mbele ya watu. Akasema nguo za baba mkwe wake zilipita kwenye vichwa vya wapagazi hao hao, na leo mtoto wa Tabora ameandika! Jumamosi Bwana DC anakuja kufungua chumba. Kitabu changu kitalazwa kwenye meza ya mbele, juu ya mahameli nyekundu. Mahameli imeshakatwa.

Nilifungua mdomo niungame. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba nitampelekea Padri habari.

Miss Thackray alinikaripia, lakini kidogo tu: kwenye kadi nimesahau mchapishaji. Akanisimamia nikaongeza. Nikaandika: Mwandishi mwenyewe. Hapo angalau sikudanganya sana.

Halafu, mbingu zikafunguka! Somo la mchana lilikuwa kurasa. Anasema hatuhesabu karatasi mojamoja kama Mhindi wa korosho. Tunasoma namba iliyoandikwa kwenye ukurasa wa mwisho, tunaandika hiyo, basi. Nikanyoosha mkono kwa mara ya kwanza wiki hii. Nikauliza: hata kama kitabu ni chembamba? Akasema swali zuri sana, na kwamba kanuni haiangalii unene.

Haiangalii unene! Nimeokoka!

Ijumaa, 13 Julai

Leo nimesingizia homa. Bwana Laxmidas alinikatia karatasi ya kufungia bidhaa kwa wari, akauliza nafunga nini. Nikasema fasihi. Akasema basi nichukue na kamba.

Shangazi Pelagia baba yake, yaani babu yangu, alikuwa mpagazi, na mimi sijapata kumuuliza neno. Nilimuuliza leo kwa shida zangu. Akaanza huku anapepeta mtama. Jinsi kirangozi alivyotangulia na manyoya kichwani, na wote wakafuata wimbo wake. Jinsi walivyokwama kwenye mito. Jinsi mama mmoja alivyobeba chungu cha kwao mpaka pwani na kukirudisha, hakuna anayejua kwa nini, na kilipovunjika mlangoni kwake alikaa chini akacheka mpaka jioni. Shangazi akaimba. Kisha akafuta macho, akasema ni makapi ya mtama.

Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Nilisahau DC, nilisahau Josepha hata (si kwa muda mrefu). Nilipoinua kichwa nilikuwa ukurasa wa 19 na jua lilikuwa limeinama.

Karatasi iliyofuata nikaandika juu yake: 312. Katikati: MWISHO. Kanuni ni kanuni.

Picha nimechora tembo. Shangazi aliuliza kwa nini nguruwe anavuta kiko. Ramani imekuwa nzuri: Tabora katikati, bahari kulia. Usoke nimeiacha nje kwa makusudi. Nimeshona kwa uzi wa gunia, nikabandika jalada kwa uji wa muhogo, nikaanika uani. Kuku wameudonoa muhogo. Jina langu limebaki, isipokuwa Raymundi amepungua kidogo.

Jumamosi, 14 Julai

Niandike kwa mpango.

Asubuhi, kabla ya wageni, Josepha aliniomba kitabu. Alisema anataka kulinganisha na kadi. Nikampa! Nilidhani ni mapenzi. Akakaa nacho kwenye kona na rula. Rula sikuitilia maanani.

Wageni wakajaa. Wazee wa Kinyamwezi, wazee wa pwani walioachwa hapa na biashara, wenye maduka, masista. Bwana DC akakata utepe, akaja moja kwa moja kwenye mahameli. Kiswahili chake ni kizuri, kwa bahati mbaya. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Akafunua, akafunua, akafika 19. Akafunua. 312. Akarudi nyuma. Akalamba kidole, akajaribu kuzitenganisha karatasi, akidhani zimegandana. Kisha akauliza kwa upole msafara umepatwa na nini hapo katikati.

Nilianza kusali sala ya kufa njema.

Mara Saidi akaruka, akanyakua kitabu! Akakiweka kichwani kama mzigo, akapita mbele ya watu akichechemea. Bwana, akasema, msafara huu uliondoka na mizigo mia tatu na kumi na miwili, mikononi mwa Wanyamwezi. Imefika kumi na tisa! Mingine wameila njiani, na kamba wakala! Mzee mmoja wa kwetu akainuka na fimbo yake akasema mizigo ilifika salama mpaka Uzigua, na huko ndiko ilikoibwa, na huyu kijana amevaa shati lake kutoka humo. Mzigua mwingine akajibu kwamba bila wao Mnyamwezi angeiona bahari akadhani ni mvua imelala. Basi! Nusu saa ya matusi, watu wakilia kwa kucheka, Bi Bachubai ameshika mbavu, DC anafuta miwani. Hakuna aliyekumbuka kurasa. Niliokolewa na mtu aliyekula andazi langu!

Hapo Josepha akasimama na kadi. Akasema kadi ya zamani ilikuwa na makosa, naye ameisahihisha. Miss Thackray akamwambia asome.

NGOLLO, Raymundi. Mizigo na Nyimbo. Tabora, 1956. Kimeandikwa kwa mkono. Kurasa 19, kisha 312, baina yake hakuna kitu. Picha moja, ya mnyama. Ramani. Sm. 33. Kimegandishwa kwa muhogo. Jalada limedonolewa.

Miss Thackray alitoa leso. Si kwa huzuni! Alisema tangu aanze kufundisha hajapata kumsikia mwanafunzi akieleza kinachoonekana kwa namna hiyo. Kazi akampa Josepha palepale. Saidi alipiga makofi wa kwanza, yeye reli inamngoja. Akachukua na soda yangu, akasema ni ya rambirambi.

Kwangu Miss Thackray alisema kurasa anaweza kunisamehe, kwa kuwa kikanuni nina pa kujitetea. Lakini kuandika 24 mahali pa 33 hawezi. Alionekana ameumia kweli.

Nilikuwa natoroka kupitia mlango wa nyuma Josepha aliponishika mkono wa shati. Akasema mimi ni tapeli mwenye haya, aina hiyo hajapata kuiona. Kisha akasema kurasa kumi na tisa amezisoma zote. Yule mama wa chungu amemliza, na usiku atamsomea babu yake. Akasema kitabu kitabaki rafuni, maana sasa kipo. Na zilizobaki nikiziandika nimletee, ila nizilete zenyewe, si namba zake. Nikajibu kitu. Nadhani nilisema ahsante. Yawezekana nilisema karibu.

Jumapili, 15 Julai

Sanduku tayari. Kesho gari moshi. Baba amefurahi, amenitengea mistari yangu mwenyewe ya tumbaku.

Misa nzima nimetafakari kosa langu, sikusikia hata mahubiri. Nimelipata. Kosa lilikuwa kudai kitabu huku niko papa hapa Tabora, ninapoweza kuulizwa! Ningekuwa mbali, nani angenisumbua? Sasa nitakuwa mbali. Ni bahati iliyojificha.

Basi baada ya Misa nilikwenda chumba cha kusomea kumuaga Miss Thackray. Alipogeuka kutafuta kofia yake, nikachomeka kwenye droo:

NGOLLO, Raymundi. Mizigo na Nyimbo, juzuu ya pili. Usoke, 1957. Kurasa 640, picha za rangi, ramani nne, na picha ya mwandishi juu ya farasi.

Kesho Josepha ataikuta. Itambidi aniandikie barua kuuliza. Nami nitamjibu! Ni karani, ni kazi yake, hawezi kukataa!

Shangazi Pelagia nimemsomea. Hakusema kitu juu ya kurasa. Alisema tu Usoke kuna mbung'o, farasi hamalizi mwezi.

Basi punda. Kwenye picha, ukisimama mbali, nani atajua?