Koo la Jordan na Begi la Penina

Jumatatu, 8 Julai 2024
Mke wangu Anyesi kaondoka asubuhi kwenda Kibaigwa kununua mahindi. Siku tisa! Jordan, mwaka mmoja na miezi kumi, kabaki na mimi, baba yake mzazi. Nimechukua likizo. Anyesi alitaka dada yake Penina aje kutusaidia. Nikakataa katakata. Penina akija haondoki. Mara ya mwisho alikaa miezi minne, akahamisha sofa, akanipangia na saa ya kuoga. Tumekubaliana hivi: mtoto akikaa salama mpaka mama yake arudi, Penina hakanyagi hapa Makole mwaka mzima. Likitokea lolote, anahamia.

Kazi ndogo.

Jumanne, 9 Julai
Jordan kakataa ugali kwa mlenda. Mtoto huyu kwa mlenda hulamba hadi meza! Leo kameza tonge moja, kalia, kashika shingo. Nikaleta uji. Kausukuma. Udenda unamtiririka hadi kifuani, fulana tatu zimelowa tayari. Nimetafakari kama baba msomi. Meno. Nikampa karoti atafune. Kanirushia nayo.

Jumatano, 10 Julai
Mwili wa moto. Sauti imekauka, akilia inatoka kama mlango wa bawaba kavu. Na Anyesi hupiga simu kila jioni kumsikia mwanawe! Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Kwenye simu yangu ya zamani nina sauti ya Jordan niliyorekodi mwezi wa tano, anaimba na kucheka. Nikaweka simu mbili zielekeane. Ikacheza vizuri mno. Anyesi akacheka kule Kibaigwa. Mara ikasikika sauti ya mwanamke ikisema, Baba Jordan, hebu acha hiyo simu uje uoshe vyombo.

Ilikuwa sauti ya Anyesi mwenyewe.

Akaniuliza kwa upole, upole ule mbaya, mtoto ana nini. Nikasema meno. Akauliza kama ana joto. Nikasema Dodoma nzima ina joto. Akanikumbusha kuwa ni Julai na yeye hapo alipo kavaa makoti mawili. Penina anafika kesho saa nne.

Alhamisi, 11 Julai
Mpango: Jordan apone kabla ya saa nne. Kulipokucha tu nikamgongea jirani yangu Octavian, ambaye anajua kila kitu. Akamtazama mtoto akiwa mlangoni kwake, na mswaki mdomoni, akasema hicho ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kimeshuka. Kinakatwa. Yupo fundi Chang'ombe, ana wembe wake, dakika mbili tu mtoto anarudi anacheza. Dakika mbili! Nikapanda bodaboda na Jordan kifuani.

Kwa fundi nilimkuta mke wake anafagia uwanja. Nikamwamkia, nikamweleza shida. Akasema mzee hayupo. Mjukuu wao anaumwa koo, kampeleka hospitali. Nikashangaa, nikauliza kwa nini asimkate mwenyewe. Mama akaacha kufagia. Akanijibu, mwanangu, yule ni mjukuu wake.

Nikamtazama Jordan. Alikuwa ameacha kulia. Udenda tu na macho mazito, kichwa kimelala begani kwangu. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika hili. Niliogopa sana.

Nikamwambia dereva aende zahanati, asiangalie matuta. Daktari, dada mmoja mfupi anaitwa Miriam, alimbana ulimi kwa kijiti, akamulika kwa tochi. Mafindofindo yamevimba, yana madoa meupe. Akaniuliza kakataa chakula lini. Udenda ulianza lini. Homa je. Sauti je. Nikajibu moja moja, na kila jibu lilinifanya nizidi kuwa mdogo kwenye kile kiti. Akasema mtoto alikuwa ananieleza tangu Jumanne kwamba ni koo, basi tu hajui maneno. Udenda wa namna ile si wa kusubiri, na angeanza kuvuta pumzi kwa shida ilikuwa nikimbie saa ileile. Nikaulizia kimeo, kama mzaha. Hakucheka. Kila mtu ana kimeo, alisema, na yeye huletewa watoto waliokatwa wakiwa wanavuja damu.

Dawa ya maji, siku kumi, aimalize hata akianza kucheza. Ya homa. Vinywaji kidogo kidogo. Nilipotoka, Penina, aliyetukosa nyumbani akajua pa kututafuta, alikuwa kwenye benchi la nje na begi lake. Kubwa.

Jumamosi, 13 Julai
Jordan kala mlenda! Umeenda mdomoni, ukutani, na kwenye nywele za shangazi... hapana, za mama mkubwa Penina. Nimefurahi hadi nikaenda kusimama uani peke yangu. Halafu nikapendekeza tusimamishe dawa, mtoto si kapona, na shemeji apumzike kwake. Penina kaifungia chupa ya dawa kwenye begi lake. Sofa imehama.

Jumatano, 17 Julai
Anyesi karudi jana. Kanisamehe nusu. Tatizo ni lingine: koo langu linawaka. Siku zote hizi nilikuwa namalizia uji wa Jordan kwa kijiko chake, nisitupe chakula. Leo mate hayapiti na sauti imekwenda kabisa. Zahanati? Mwanaume mzima nipanue mdomo, Penina ashike tochi? Thubutu!

Nimepata njia. Nimemwandikia Anyesi karatasi kwamba Mungu kaniongoza kwenye mfungo wa kunyamaza, siku saba, kwa ajili ya familia. Kaisoma mara mbili. Kampa Penina naye asome. Wakatazamana. Kisha mke wangu akanishika mkono, machozi yanamlengalenga, akauliza kama Mungu hawezi kuongeza zifike kumi na nne.

Nimemwandikia kwamba nitamwomba.