Babu Aliyefungua Lango la Zamora

Kijiwe chetu Madrid ni ngazi za kanisa, na asubuhi hiyo gumzo lilikuwa bango la mchezo wa kuigiza wa mchana huo, uliotolewa kwenye historia ya Hispania ya marehemu Padre Gundisalvo.

"Si niliwaambia?" alivimba Don Ordoño, tunayemwita Masharubu. "Babu mzaa babu yangu yumo humo! Leo nimemwalika Don Beltrán aje amwone, ndipo mwanawe amchumbie binti yangu."

"Hicho kitabu umekisoma?" aliuliza Kalamu, mwanafunzi asiyehitimu.

"Nikisome cha nini? Habari za kwetu nizisome?"

"Mimi nimekisoma. Babu yako ndiye aliyewafungulia maadui lango la Zamora. Kisa, walimhonga kofia ya manyoya."

Tuliangua kicheko. Masharubu akakaa chini, rangi imemtoka. Hapo nikamwonea huruma.

Akamgeukia Mzee Filimbi, fundi viatu. Huyu akipiga mluzi ukumbini, wote wanaotazama wakiwa wamesimama wanamfuata kwa kuzomea, na mchezo unakufa.

"Mzee wangu, nakupigia magoti! Babu anaingia sehemu ya pili. Uue mchezo sehemu ya kwanza. Binti yangu anampenda yule kijana, ataniugulia!"

"Mimi nina heshima zangu," Filimbi akajibu. "Sizomei kitu sijakiona."

"Juzi ulizomea pazia!"

"Pazia nililiona."

Mara Don Beltrán mwenyewe akapanda ngazi akihema, asimwone Masharubu nyuma yetu.

"Mzee Filimbi ni nani hapa? Nisitiri, baba! Uzomee mapema, mkwe asifike sehemu ya pili. Babu yetu ndiye aliyekuwa jemadari wa maadui wa Zamora."

"Sasa aibu iko wapi?" nikamuuliza. "Si lango lilifunguliwa?"

"Lilifunguliwa. Akaingia, akapotea vichochoroni, akatolewa mbio na wanawake wa tanuri la mikate. Kwa mipini ya kutolea mikate!"

Masharubu akainuka taratibu.

"Ninyi? Babu yangu amejivunjia heshima kuwafungulia lango, halafu mnashindwa na waoka mikate?"

"Kumbe ni ninyi mliofungua?"

Wakatazamana.

Masharubu akamshika mkono. "Twende nyumbani tupange harusi, ndugu yangu. Mchezo ukishaonyeshwa, nani mwingine atatukubali?"