Nilivyousafisha Mlima

Jumatatu, 3 Juni
Habari kubwa! Ajira ya kudumu hapa kituo cha utafiti wa mimea ni moja tu, na tunaigombea wawili: mimi mhudumu, na shemeji yangu mpishi. Ijumaa anakuja Daktari wa mimea, bosi wetu, kuamua. Mke wangu kasema kwenye simu, nikishindwa na kaka yake nibaki huku huku mlimani niishi na panya. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nina mpango.

Jumatano, 5 Juni
Nimepanda hadi kwenye mawe ya Daktari, juu kabisa ambako hata miti imekata tamaa. Aibu! Yote yana madoa: ya kijivu, ya kijani, mengine rangi ya machungwa, kama sufuria za kapera. Nimeyasugua kwa brashi ya waya na sabuni. Mgongo hauna hali. Ila yanang'aa! Shemeji kapita, kauliza kama nimeagizwa. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Juni
Daktari kafika. Kayaona mawe, kakaa chini, kalia. Nikamwambia asijali, ni wajibu wangu.
Kumbe madoa yale ni viumbe hai! Anasema yanautafuna mwamba polepole mpaka unakuwa udongo, na doa la ukubwa wa kiganja limemzidi bibi yangu umri. Alikuwa akiyapima tangu akiwa mwanafunzi. Nikauliza kama yanaweza kuota tena kufikia Jumatatu. Akasema tu kwamba mimea ya huku imezoea njaa, ukiishibisha unaiua, na nisiguse kitu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimechora madoa mapya kwa rangi ya mlango iliyobaki. Yamefanana kabisa! Mvua ikanyesha kabla hayajakauka. Daktari kateleza. Madoa yote yamehamia kwenye koti lake.

Jumatatu, 10 Juni
Ajira kapewa Shemeji. Imeniuma, sifichi. Mke wangu hapokei simu. Mimi nimepelekwa jikoni, chini ya Shemeji, kumenya viazi.
Ila dirisha la jikoni linatazama kibanda cha kioo chenye miche ya Daktari. Maskini! Msomi mzima kaipanda kwenye kokoto tupu. Imejikunyata, midogo, inatia huruma. Na nyuma ya jikoni kuna samadi ya kuku, nyeusi, nono! Yale maneno ya kushibisha na kuua ni hasira tu zilizomsemesha.
Kesho anateremka mjini. Ndoo ninayo. Akirudi atalia tena, na safari hii kwa furaha.