Dudumizi wa Spika

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata spika. Ndogo, nyeusi, ya kuchaji, lakini inasikika hadi ng'ambo ya mto. Kwenye simu nimetia sauti ya dudumizi. Kuanzia leo wageni wangu hawatakaa vichakani wakiliwa na mbu kama wageni wa Abdinur. Huyo kazi yake yote ya kuwatembeza watazamaji wa ndege ni kuketi na kungoja. Mimi singoji ndege. Nitamwita, naye ataitika kama mtu mwenye adabu.

Mama mkwe, Bi Nyevu, aliiona spika akamuuliza mke wangu Christabel kama Dzombo, yaani mimi, bado anawaonyesha watu wazima ndege. Hasemi nami moja kwa moja, ndiyo adabu ya ukwe, ila huhakikisha nasikia. Kwake yeye ndege ni kazi ya watoto wanaoamia mpunga usiliwe. Ipo siku ataniheshimu.

Jumatano, 12 Machi

Ushindi. Nilimpeleka Stacy, mgeni kutoka Nairobi, kando ya mto hapa kijijini Wema. Nikabonyeza. Dudumizi dume akatoka kichakani amefura, akaidonoa spika. Stacy alipiga picha mpaka mkono ukamuuma.

Abdinur akaja kuniharibia. Eti ndege huyo ana mayai. Eti akisikia ile sauti anadhani dume mgeni ameingia kwake, basi anayaacha mayai aende kupigana na adui ambaye hayupo. Nikamjibu kwamba mwanamume kamili hulinda boma lake, nami namfanyisha mazoezi bure. Stacy akauliza kama mayai yapo kweli. Nikamwambia yako salama. Sikuwa nimeyaona, lakini pia sikuwa nimeyaona yakiwa hatarini.

Ijumaa, 14 Machi

Mazoezi hayakatizwi. Niliiacha spika kichakani ijirudie tangu asubuhi, nikalala kivulini.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Bi Nyevu anaimba. Tangu nioe sijawahi kumsikia akiimba. Akamwambia Christabel kwamba dudumizi amelia kutwa nzima, na dudumizi akilia hivyo mvua iko mlangoni. Ameiteremsha mbegu ya mpunga iliyokuwa darini, juu ya moshi wa meko. Kesho anapanda.

Nilifungua kinywa niseme. Papo hapo akaagiza niwekewe kichwa cha kambare, kipande cha heshima, mara ya kwanza katika ndoa yangu. Kinywa kikapata kazi nyingine.

Jumatano, 19 Machi

Jua kali. Amepanda shamba zima, mbegu yote, kwenye vumbi. Njiwa na kanga wameshuka kama walioalikwa. Bi Nyevu hutazama juu mbinguni, kisha hunitazama mimi. Si kwamba anajua, ni mazoea yake. Mbegu ile ikiliwa, nyumba hii haina mpunga msimu huu, wala mbegu ya msimu ujao.

Abdinur amepita kunipa habari kwamba kiota cha dudumizi ni kitupu. Kenge aliyala mayai wakati baba mtu anagombana na spika yangu. Wamehama wote wawili. Nikasema ni mapenzi ya Mungu. Abdinur akaenda zake. Nilikaa karibu na kile kichaka kwa muda. Kimya kitupu, na sikukipenda.

Jumapili, 23 Machi

Nimeaibika kanisani. Mchungaji alikuwa akiomba mvua. Spika ilikuwa mkobani mwangu, kwa sababu Christabel hupekua vitu nikiviacha nyumbani. Sijui kiwiko kilibonyeza nini. Dudumizi akalia. Watu wakasema haleluya. Akalia tena. Watu wakasimama, wengine wakitokwa na machozi. Kisha mwanamke ndani ya mkoba wangu akatangaza kwa Kiingereza kwamba chaji inakaribia kwisha.

Bi Nyevu hakupiga kelele. Heri angepiga. Tulipofika nyumbani alisema nami mwenyewe, bila kumpitia binti yake. Mbegu ile alipewa na mamake, alisema. Yeye aliwahi kunidanganya lini, hata mimi nikamtuma ndege amdanganye?

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitamwigiza dudumizi tena maisha yangu yote.

Jumapili, 6 Aprili

Juzi nilikwenda Chara kwa shangazi kuomba mbegu. Nilisemwa kwanza, halafu nikapewa. Abdinur alinisaidia kubeba gunia na hakunicheka hata kidogo, jambo lililoniudhi sana.

Mvua imekuja yenyewe, bila ndege wa kuitangaza. Bi Nyevu alisimama mlangoni akasikiliza upande wa mto. Aliposikia hakuna kitu alichukua jembe akatoka.

Jumamosi, 26 Aprili

Mpunga umeota. Shamba zima ni kijani. Bi Nyevu ameruhusu niwekewe samaki tena, upande wa mkia.

Shida sasa ni ng'ombe wa Dida. Hupita kwenye malka, njia ya mifugo ya kwenda mtoni kunywa, na njia hiyo inapakana na shamba letu. Dida mwenyewe ni muungwana. Amekuja kushauri tuzungushie shamba miba, na amesema atasaidia. Bi Nyevu amekubali, na mkataji wa miba ni mimi. Nimekata tangu asubuhi. Miba inachoma.

Lakini akili ni mali. Nimetia kwenye simu sauti ya simba. Safi kabisa, Christabel ameangusha sufuria. Kiapo changu kilikuwa cha dudumizi, na simba si ndege. Malka ina pande mbili: huku kichaka, kule mpunga wetu. Kesho nitaificha spika kichakani. Ng'ombe wakimsikia simba kichakani watakimbilia upande wa pili, na mpunga wa mama mkwe utasalimika.