Muuguzi Aliyenipima Mkono wa Kushoto

Asuoyaa,
Jumatatu.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Afya wa Wilaya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi inaniacha na hasira. Ni Opanyin Asiamah, msemaji wa chifu wetu Nana Boakye, mshika fimbo yake kwa miaka ishirini na sita. Ninamlalamikia muuguzi wako Dufie, aliyekuja siku ya soko kupima watu presha bure.

1. Alinipima mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeshika fimbo ya chifu, na fimbo hiyo hailazwi chini kama mwavuli. Binti akasema mbele ya wazee, "Basi Opanyin, nipe huo wa kushoto." Wa kushoto! Hapa kwetu mtoto akikupa hata karanga kwa mkono huo, anachapwa. Na siku Dufie anapewa jina nilikuwepo, nikala, nikanywa.

2. Mashine iliandika mia mbili na kumi. Mshonaji Badu alipata mia na kumi na nane tu, maskini. Nilikuwa naanza kupokea pongezi, Dufie akapaza sauti: "Jamani, haya si mashindano! Opanyin, presha hii itakuua. Gari lipo, twende hospitali sasa hivi." Nilikataa. Msemaji wa chifu hapakiwi garini kama mihogo. Badu anacheka mpaka leo.

3. Amenifuata nyumbani mara tatu, kwa miguu, na vidonge mkononi. Vya bure! Rahisi ni ghali, walisema wahenga, sasa cha bure je? Niliwapa kuku. Kuku hawakubadilika hata kidogo, ushahidi tosha kwamba dawa haifanyi kazi.

4. Hili ndilo zito. Amemgeuza mke wangu. Mchuzi wa mawese hauna chumvi, samaki mkavu kafichwa, bonge langu la fufu ya mihogo limekatwa nusu. Nikiuliza naambiwa, "Baba, chumvi yako anayo Dufie, kamdai." Ndoa ya miaka thelathini inayumba kwa sababu ya kijiko kimoja.

Kwa hiyo naomba Dufie ahamishwe, tena kule barabara isikofika. Ofisi yako ilete kondoo mmoja na chupa mbili za pombe kali za kututuliza mimi na wazee. Na ile mashine iletwe mbele ya Nana iombe radhi.

Ningeandika zaidi, ila tangu asubuhi kichwa kinagonga na vidole vya kulia vimekufa ganzi. Ni hasira tu.

Nisalimie wote ofisini: karani, mlinzi, mama wa chai, na dereva aliyenishikilia mlango wa gari siku ile nikampita bila kumtazama.

Mimi, mwenye heshima iliyojeruhiwa,
Opanyin Asiamah

Tanbihi. Leo Alhamisi. Niwie radhi kwa mwandiko. Jumatatu ileile, kabla sijaifunga bahasha, fimbo ilinidondoka, nami nikaifuata. Dufie ndiye aliyenikuta, amekuja na vidonge mara ya nne. Mkono wa kulia hausikii tena amri yangu. Haya nayaandika kwa kushoto, na naapa sikutukani. Barua siichani kwa kuwa kuandika nyingine siwezi. Wewe futa tu yote ya juu. Kondoo simtaki. Msimhamishe, nakuomba, naogopa. Mwambie aje na mashine yake. Mkono wa kushoto nitaunyoosha mwenyewe. Ndio niliobaki nao.